Amelea watoto wa Dar, cheti hana

Swali la wiki lilikuwa hili: anayetaka kazi ya kulea watoto wadogo aanzie chuoni, au aanzie kazini? Jibu langu: aanzie kazini, ila pawe na mtu wa kumfundisha, pawe na mkataba, na mafunzo yawe na mwisho unaojulikana. Yakikosekana hayo, tusiite uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini chini ya fundi. Huo ni udada wa kazi uliovalishwa sare.

Nasimamia kituo cha kulelea watoto mchana hapa Mafinga. Sisi wa Iringa na jirani zetu wa Njombe nchi nzima inatujua kwa mbao, chai na madada wa kazi. "Nitafutie binti wa Iringa," watu husema huku wakicheka. Binti anamaliza darasa la saba Mufindi au Makete, anapandishwa basi la Dar, anakabidhiwa kichanga cha miezi mitatu kwa sababu siku 84 za likizo ya uzazi ya mama zimekwisha. Analea hadi mtoto aanze chekechea, anahamia nyumba nyingine, anaanza upya. Akirudi nyumbani baada ya miaka mingi, kilio cha njaa na kilio cha tumbo anavitofautisha akiwa chumba cha pili. Karatasi ya kuonyesha hana. Mwenzake wa rika lile lile aliyeshika spana gereji ya mtaani pale Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akapimwa, ujuzi wake ukarasimishwa, akaondoka na cheti. Kwa nini kurekebisha breki kupimike na kulea mtoto kuonekane ni tabia ya kuzaliwa nayo?

Wanaosema kazi hii ni moyo tu, kila mwanamke anaiweza, nawakaribisha kwetu saa nne asubuhi, muda wa uji. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa na asilimia 50.4 Njombe, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Na huku ndiko kwenye mahindi, viazi, maharage na maparachichi yanayosafirishwa hadi Ulaya! Udumavu una sababu nyingi, sitajifanya mtaalamu wa zote, lakini moja naiona kila siku kwenye kijiko. Binti mgeni anakoroga uji wa sembe mtupu, mwepesi, unachuruzika kabla haujafika mdomoni. Mtoto akigeuza uso, anamshika kidevu na kumsukumia. Anaona amefanya kazi, maana bakuli limekwisha; nusu yake iko kwenye kitambaa cha shingoni.

Mlezi wetu mkubwa hamgombezi. Anakaa naye kwenye mkeka, anachukua bakuli jingine. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike upesi. Utiwe karanga zilizosagwa laini, au parachichi lililopondwa. Mtoto aone kijiko kinakuja, afungue mdomo mwenyewe, ameze, mwongeleshe. Akigeuza uso, tulia, kisha jaribu tena. Vitabuni yote hayo yameandikwa, sikatai, lakini mtoto wa kitabuni hakutemei uji usoni, na huwezi kujua kutoka kwenye ukurasa kwamba huyu wa leo amekataa kwa sababu jino linamtoka.

Yapo pia mambo ambayo hatuwezi kumwacha mtu ayajue kwa kukosea. Juni na Julai baridi ya Mafinga si mchezo. Mgeni mwenye huruma akiona watoto wamelala wamejikunyata, wazo la kwanza ni kuingiza jiko la mkaa na kufunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na inaua chumba kizima kikiwa usingizini. Hapo ndipo mkongwe anapohitajika awe karibu, siyo awe mjini anafuatilia mambo yake.

Uingereza mwanagenzi wa malezi ni mwajiriwa anayelipwa mshahara, na muda wa masomo unatengwa ndani ya saa zake za kazi. Kwa England, watoto wa chini ya miaka miwili ni watatu kwa mtu mzima mmoja. Sisi hatuna fedha hizo, ila hoja naichukua: binti ukimwachia watoto kumi na wawili peke yake, atajifunza kunyamazisha vilio, basi.

Kwetu mlango haujafungwa. Ipo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM kwa kifupi (kulitamka tu kunahitaji uanagenzi), iliyoanza 2021/22. Vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Ilula na Ulembwe si mbali nasi. Napendekeza hivi: siku nne kituoni, siku moja chuoni, mwaka mzima, kisha apimwe kwa vitendo mbele ya watoto. Mimi ningeupokea mpango huo kesho. Wavulana nao waje, kazi hii haina jinsia.

Wamiliki wenzangu watanuna kwa hili la mwisho. Kuna vituo ambako binti "anajifunza" mwaka wa pili sasa, anafua nepi na kudeki, anapewa hela ya sabuni. Kwa hiyo mzazi mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne na anayeipenda kazi hii, kabla hujamwacha kituo chochote, uliza: nani atamfundisha, atakaa na watoto wangapi, atalipwa kiasi gani mwezi wa kwanza, na cheti cha usajili wa kituo kiko wapi nikione. Mwenye kituo akianza kung'aka, mchukue binti yako mwende kwingine.