Mpira uko vizuri, miguu ndo bado: swali kuhusu gemu za tenisi za uhalisia

Swali:
Mkuu habari. Nina gemu ya tenisi, hizi za uhalisia sio zile za katuni, naicheza mwezi wa nne sasa kwa pedi na TV ya sebuleni. Mwanzoni niliipenda sana ila kuna vitu vinanichanganya. Nabonyeza kwa wakati kabisa inaniambia nimechelewa, mchezaji wangu wakati mwingine anagoma kama kapigiliwa misumari chini, kompyuta nikiiweka levo ya juu haikosei, tunapigiana mipira mpaka thelathini, na nikiingia mtandaoni ndo balaa zaidi. Tatizo ni mimi, ni TV au ni gemu yenyewe? Na je inaweza kunisaidia uwanjani, manake nimeanza mazoezi ya tenisi kweli.

Jibu:
Habari nzuri mkuu. Hujataja jina la gemu na wala haina shida, kwa sababu hayo unayoyalalamikia yapo karibu kwenye gemu zote za aina hii. Mi kazi yangu ni kupima gemu za michezo kabla hazijatoka, yaani nakaa na gemu moja wiki hata tatu natafuta wapi inadanganya, na tenisi naicheza mwenyewe kwa hiyo hili swali limenigusa. Jibu fupi ni kwamba vyote vitatu vinahusika, ila sio kwa kiasi sawa.

Tuanze na TV manake hapo ndo utapata nafuu leo leo. Gemu nyingi zinakimbia fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni milisekunde 16 na kitu. Sasa mpira unaoondoka kwenye raketi kwa kilomita 100 kwa saa, ambao ni mpira wa kawaida tu, unakata karibu mita 28 kwa sekunde, maana yake ndani ya fremu 3, milisekunde 50, ushasogea kama mita 1.4. TV ikikuchelewesha hizo milisekunde 50 wewe unaona mpira uko mbele ya raketi wakati kwenye hesabu za gemu ushapita kiuno. Hujachelewa wewe, umeonyeshwa picha ya zamani. Kupima ni rahisi na huhitaji kifaa chochote cha hela, chukua simu yenye slow motion ya picha 240 kwa sekunde, iegeshe mahali inaona kidole gumba chako na skrini kwa pamoja, mchezaji wako akiwa amesimama anasubiri kusevu bonyeza batani, halafu sogeza video picha moja moja ukihesabu tangu batani inapozama mpaka mkono wa mchezaji unapoanza kutikisika. Kila picha ni kama milisekunde 4, ukihesabu 30 hiyo ni milisekunde 125. Sehemu ya hizo ni ya gemu na pedi, huwezi kuiondoa, ila nenda kwenye setingi za TV washa mode ya gemu, ile inayozima urembo wote wa kulainisha picha, upime tena. Namba ikishuka, hicho kilichoshuka ndo kilikuwa kinakuambia umechelewa siku zote hizi.

Kitu kingine kuhusu taimingi, gemu nyingi za hivi unashikilia batani halafu unaachia, na kinachopimwa ni pale unapoachia sio pale unapobonyeza. Nimeona watu wanalalamika wiki nzima kumbe wanasoma kipimo kwa kidole kinachoshuka badala ya kinachopanda. Rudia ile sehemu ya mafunzo taratibu hata kama ulishaipita.

Sasa uzuri wake, manake upo na ni mkubwa, sipendi watu wanavyozisema gemu hizi kama picha tu. Mpira. Mpira kwenye gemu nzuri ya tenisi saizi uko karibu sana na wenyewe. Topspini inafanya kazi kwa sababu mpira unaozunguka kwenda mbele unaisukuma hewa kiasi kwamba wenyewe unavutwa chini, ndo maana unaweza kuupiga kwa nguvu, ukapita juu ya wavu kwa nafasi, na bado ukaangukia ndani. Mizunguko 3,000 kwa dakika, ambayo foahendi nzito (mapigo ya upande wa mkono wa raketi) za kina Rafael Nadal, bingwa wa zamani wa Hispania, zilikuwa zinaifikia na kuipita, ni mizunguko 50 kila sekunde, na gemu inahesabu hiyo. Ukitaka kujiridhisha ingia mazoezi, chagua uwanja wa udongo, piga topspini ileile mara kadhaa uangalie mpinzani anaupokea wapi, utaona raketi yake iko usawa wa bega na anarudi nyuma. Hama uende nyasi, piga vilevile, sasa anaupokea chini karibu na goti na anaharakisha. Udongo unaukamata mpira na kuupandisha, nyasi zinauacha uteleze. Gemu ikikuonyesha hilo bila kukuandikia chochote kwenye skrini ujue waliotengeneza wanaujua mchezo.

Nikwambie kitu ambacho mi huwa nakifikiria sana. Mwaka 1958 William Higinbotham kwenye maabara ya Brookhaven kule Marekani alitengeneza gemu iliyoitwa Tennis for Two, kwenye kioo kidogo cha oskiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, uwanja ukiangaliwa kwa ubavu. Mpira ulikuwa unapaa, unashuka kwa mvutano, unadunda, ukigonga wavu unarudi. Ila mchezaji hakuwepo! Kulikuwa na mstari wa chini, wavu na nukta ya mwanga basi. Yaani mpira uliwezekana toka siku hiyo. Mtu anayeukimbilia ndo kazi ambayo mpaka leo haijaisha, na hapo ndo kwenye lile tatizo lako la misumari.

Iko hivi. Mwendo wa mchezaji kwenye gemu ni vipande vilivyorekodiwa kutoka kwa wachezaji wa kweli, foahendi ya kusimama, foahendi ya kukimbia, bakihendi (pigo la upande wa pili) ya kujinyoosha, na kadhalika. Mpira ukija gemu inachagua kipande kabla mpira haujafika, inakichezesha, na kikishaanza mara nyingi hakikatishwi mpaka kiishe, pamoja na ule mwendo wa kumalizia raketi begani na kurudisha mguu. Ukisukuma kijiti cha pedi katikati ya hicho kipande, amri yako inasubiri. Kwa hiyo unapoona kagoma ni kwamba bado anamaliza pigo lililopita, na ukiangalia vizuri utakuta ni baada ya pigo la nguvu au la kujinyoosha, kwa sababu vipande vyake ni virefu. Dawa yake ni kutopiga kwa nguvu ukiwa umevutwa pembeni, piga slaisi ya juu ya taratibu, yaani mpira wa kukata unaozunguka kurudi nyuma, ikupe muda wa kurudi katikati. Na kwa bahati nzuri ndivyo hata kocha angekwambia.

Upande wa pili wa shilingi hiyohiyo ni pale mchezaji anapoteleza kama yuko juu ya sabuni ili aufikie mpira. Kipande kilichorekodiwa kinataka mpira uwe hapa, mpira uko nusu mita kule, gemu inamsogeza mtu mzima hewani ili vikutane. Kwenye marudio ya taratibu angalia viatu, usiangalie raketi, utaona soli inahama bila mguu kunyanyuka. Hii mi naihesabu kuwa ndo udhaifu mkubwa kuliko yote wa gemu za tenisi, kwa sababu tenisi ni miguu. Uwanjani unapiga vibaya kwa sababu ulifika vibaya, hatua mbili ndogo za mwisho hukuzipiga, mpira ukakusonga kwenye mbavu. Gemu nyingi zinakupigia hizo hatua zenyewe, na kile kiruko kidogo unachofanya mpinzani anapogusa mpira kinafanyika chenyewe. Kwa hiyo makosa yako yote yanahamishiwa kwenye kidole gumba, umeachia mapema au umechelewa.

Na hapo ndo tunaingia kwenye mipira thelathini. Mechi ya kweli, hata ya wakubwa kabisa, pointi nyingi zinaisha ndani ya mapigo manne ya mwanzo ukihesabu na sevu. Mtu anasevu, unarudisha fupi, anamaliza au anakosea, imeisha. Kwenye gemu kompyuta ya levo ya juu haikosei kwa sababu kukosea ni lazima mtengenezaji akuandike kwenye programu, hakutokei kwenyewe kama kwa binadamu. Watengenezaji wanaogopa kuandika makosa kwa sababu mchezaji akipoteza pointi aliyoachia batani vizuri anaona ameonewa, na akishinda kwa sababu kompyuta imetupa mpira nje bila sababu anaona amepewa. Naelewa hofu yao, nimekaa kwenye hayo majadiliano mara nyingi, lakini mi nasimamia kwamba kosa linakubalika kama chanzo chake kinaonekana: alikuwa amejinyoosha, amechoka, mpira ulikuwa juu ya bega upande wa bakihendi, alijaribu kupiga mstari ulionyooka kutoka nje ya uwanja. Hapo mpira ukitoka sentimita kumi hakuna anayelalamika. Gemu zinazoweka uchovu na hatari kwenye hesabu ya kila pigo zinakuwa na mechi zinazofanana na mechi. Zile ambazo levo ya juu maana yake ni kumwongezea mpinzani mbio na nguvu tu, hizo zinachosha, na inaonekana yako iko kundi hilo au hujagusa setingi zake. Angalia kama kuna sehemu ya kurekebisha makosa ya kompyuta peke yake bila kugusa levo, baadhi ya gemu zinayo imejificha ndani ndani.

Mpaka hapo, kama gemu yako haina hiyo sehemu, mshinde kwa kumchosha. Mpeleke kona moja kwa topspini ya juu mara mbili tatu kisha mlete mbele kwa mpira mfupi, halafu lobu, yaani mpira wa kumpita juu ya kichwa. Mipira miwili mitatu ya hivyo kwa kila gemu ya seti, ukifika seti ya pili utaona anachelewa nusu hatua.

Mtandaoni sitakaa sana. Mpira ukishapigwa njia yake yote inajulikana, kwa hiyo kwenye mapigo ya kawaida gemu ina karibu sekunde nzima ya kuficha ucheleweshaji wa mtandao, ndo maana katikati ya pointi mnaona mambo shwari. Pasipofichika ni kupokea sevu. Sevu ya kilomita 200 kwa saa inakupa kama nusu sekunde hivi, na macho na mkono wa binadamu peke yake vinakula milisekunde 200 na zaidi, ukiweka ya TV, ukiweka ya mtandao, imebaki nini? Tumia waya badala ya waifai. Kinachoua taimingi ni mtandao kupanda na kushuka, mara milisekunde 40 mara 110, kuliko kuwa juu muda wote, manake ukiwa juu muda wote kidole kinazoea.

Haya, uwanjani. Itakusaidia kwenye kichwa, haitakusaidia kwenye mwili. Uwanja una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23 kwa mmoja mmoja, kwa hiyo ukipiga mshazari kutoka kona mpaka kona una kama mita 25.15, karibu mita moja na nusu zaidi ya kupiga mstari ulionyooka. Wavu nao katikati una sentimita 91.4 na kwenye nguzo 107. Pigo la mshazari linapita juu ya sehemu fupi na lina nafasi ndefu ya kuangukia, na gemu nzuri inakupiga mpaka unalijua hilo bila kuambiwa, utajikuta ukibanwa unapiga mshazari. Nimeona wanafunzi wapya wa tenisi waliotoka kwenye gemu, wanajua wapi pa kupiga kabla hawajajua jinsi ya kupiga, na makocha wanawapenda. Ila watasimama wamenyooka kama nguzo kusubiri mpira uje kwenye raketi, kwa sababu kwenye gemu huwa unakuja. Kwa hiyo mwambie kocha wako ukweli kwamba umetoka kwenye pedi, muombe aanze na miguu, akurushie mipira kwa mkono uikamate kwa mkono bila raketi kwanza.

Jingine la kuchukua kutoka kwenye gemu ni sauti. Vaa hedfoni ucheze gemu mbili tatu, pigo la bapa, lile lisilo na mzunguko mwingi, linalia tofauti na slaisi, na uwanjani ni vilevile, sikio linakuambia mpira wa aina gani unakuja kabla jicho halijamaliza kuusoma.

Fanya kipimo cha simu kwanza. Kompyuta ishushe levo moja kwa wiki hii mpaka ujue TV yako inachelewesha kiasi gani, ukishawasha mode ya gemu na kidole kikazoea ndo uipandishe tena.