Rudi wiki ijayo

Juzi kijana mmoja wa Arua aliniandikia: "Hajati, nimepeleka maharage shule ya bweni mihula 2, hawajanilipa. Nikidai, naambiwa wapo wengine wanaotaka kuleta. Nifanye nini?" Nilicheka, kicheko kibaya. Hapo nimepita.

Mnunuzi wangu alikuwa Kampala. Nilikusanya kiboko, kahawa kavu na maganda yake, vijijini Luweero, nikaikoboa, kase, yaani kahawa iliyokobolewa, ikapanda lori. Kiboko ikikobolewa inabaki kama nusu ya uzito, kwa hiyo faida ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Kule wakanikata kwa ajili ya unyevu, wakanikata kwa ajili ya taka, kisha: "Rudi wiki ijayo." Wiki hiyo ilichukua miezi 4. Askari wa getini alinizoea hadi akawa ananitolea kiti.

Hasira ile sijaimaliza. Lakini kuna jambo sijawahi kulisimulia. Mama mmoja aliniuzia kahawa yake ingali maua, kwa sababu ya karo. Nikampa bei ya maua, nikavuna mbivu, nikajiona nimemsaidia! Alipofuata salio lake, nilimwambia nini? Rudi wiki ijayo. Na mizani yangu ilikuwa inapunja kidogo. Kijiji kizima kilijua. Nani angesema, na gari lilikuwa langu?

Basi mwanangu, usipeleke gunia jingine kabla hujapata karatasi yenye tarehe ya malipo na sahihi ya mtu. Hapa Uganda deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kwenda kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani. Kanuni zake ni za 2011, na wakili hahitajiki. Unaanza na barua ya kudai, unawapa siku 14. Mimi sikujua, nikamaliza nauli nikienda kulia ofisini kwa watu. Machozi hayana muhuri. Tafuta karatasi.

Ila na mimi nikuulize: maharage hayo uliyachukua kwa nani, na umeshamlipa? Hilo hukuliandika. Sisi wachuuzi tunaotaka kuwa wakubwa tunajua sana kuhesabu tunachodai. Ucheleweshaji wa Kampala tunaushusha kijijini kama mzigo, na mkulima hana wa kumshushia. Mche Mungu, mlipe kwanza, hata kwa kukopa.

Yule mama nilimlipa. Alihesabu mara 2, akanishukuru kuliko nilivyostahili. Msimu huu ananiuzia tena, ila kahawa yake anaipima kwanza kwa jirani.