Anga jeupe kwenye picha za droni

Umeuliza kwa nini anga linatoka jeupe tupu na picha nyingine zina ukungu, yaani hazitoki kali. Anga kwanza: kamera ikiona ardhi yenye giza inaongeza mwanga, mawingu yanapotea. Toka kwenye otomatiki. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, kisha rekebisha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, huku ukitazama histogramu, ile grafu ya mwangaza yenye giza kushoto na mwanga kulia. Ikijibana ukingo wa kulia, punguza mwanga. Skrini ya simu usiiamini, hasa juani, itakufanya udhani picha ni giza nawe uzidi kuongeza. Halafu piga kwa RAW, faili ghafi ya kamera. Vivuli utaviinua baadaye kwenye kompyuta, lakini anga lililoungua halirudi. Tofauti ya mwanga ikiwa kubwa mno, washa AEB (kamera inapiga yenyewe mfululizo) upate picha 3 au 5 za mwangaza tofauti, uziunganishe.

Huo ukungu nadhani ni shata kuwa ya polepole mno. Wengi wanaweka 1/50 ya sekunde kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, wakihamia picha mnato wanaisahau hapohapo. Mchana panda hadi 1/200 au zaidi, na upepo ukiwepo ndiyo kabisa. Kichujio cha ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, nacho ni cha video. Kwa picha kivue, labda kama unataka maji yaonekane laini.

Ah, na mizani ya weupe, yaani mpangilio wa rangi kufuatana na mwanga: ukipiga panorama (picha pana ya vipande vilivyounganishwa) ifunge kwenye namba moja, mfano 5500K, la sivyo kila kipande kitakuja na rangi yake.