Shiti ya magnesi kupasuka kwenye kona: usimlaumu muuzaji kwanza

Mkuu, umesema umekunja shiti ya aloi ya magnesi kwenye mashine ile ile unayokunjia alumini, unene ule ule, ikapasuka konani, na sasa unaamini umeuziwa mzigo mbovu. Mimi niliharibu shiti tatu hivyo hivyo, hadi fundi mmoja mtu mzima akanicheka na kuniuliza: kwani unaikunja ya baridi?

Metali hukunjika kwa sababu matabaka ya atomi huteleza, moja juu ya jingine, kama karata. Kwenye alumini, shaba na dhahabu, atomi zimejipanga kimchemraba, moja kila pembe na moja katikati ya kila uso. Mchemraba hata ukiugeuza unafanana na ulivyokuwa, kwa hiyo tabaka la kuteleza haliwi moja. Yapo manne, yameelekea pande tofauti, na kila moja lina njia tatu: jumla 12. Vuta upande wowote, kuna njia itakayokubali.

Magnesi imejipanga kipembesita, na ulinganifu wake ni mdogo, yaani ukiigeuza haifanani na ilivyokuwa mara nyingi kama mchemraba. Tabaka jepesi ni moja tu, la kitako (ule uso wa chini wenye pembe sita), lenye njia tatu. Halafu kuna balaa la pili: shiti inapopitishwa kwenye roli kiwandani, vitako vya fuwele (zile chembe ndogo zenye atomi zilizojipanga, zinazounda metali) karibu zote hulala sambamba na uso wake. Ukikunja, upande wa nje wa kona unatakiwa urefuke na kupungua unene, na mtelezo wa kitako hauwezi kupunguza unene huo. Ndipo unasikia "ta!"

Dawa ni joto. Kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi, matabaka mengine nayo huanza kuteleza. Pasha na kifaa cha kukunjia pia, maana shiti nyembamba hupoa mara moja ikigusa chuma baridi. Usitumie moto wa wazi: vumbi na machicha ya magnesi huwaka, na maji huyachochea.

Kuna mdau juu hapo amepinga akisema titani nayo ni ya pembesita na inakunjika. Kweli, nami swali hilo lilinisumbua muda mrefu. Titani huteleza kwa urahisi zaidi kwenye matabaka ya ubavuni kuliko ya kitako. Ulinganifu unakuambia njia zilizopo ni ngapi. Ipi iwe nyepesi, inategemea metali yenyewe.

Na wewe uliyedai chuma chako cha pua ni feki kwa sababu sumaku inashika pale penye kona tu: ukikunja aina kama 304 (chuma cha pua cha kawaida) ikiwa baridi, baadhi ya fuwele zake huacha mpangilio wa atomi katikati ya nyuso na kuchukua ule wa atomi moja katikati ya mchemraba. Huo wa pili ndio unaoshika sumaku. Ijaribu kwenye sehemu ambayo haijakunjwa.