Mvua ikikatika, usikunje chandarua

Huku Lindi mvua tunapata msimu mmoja tu. Inaanza Novemba au Desemba, Aprili au Mei inakatika, kusi inashika. Miaka mingi mbu nao niliwahesabu hivyohivyo: mvua imekwisha, mbu wamekwisha. Mwaka mmoja, Juni, mpunga ukiwa uani, nikavua vyandarua, nikafua, nikakunja. Wiki tatu hazikupita, mwanangu wa miaka minne akaamka usiku anatetemeka, mwili unawaka. Zahanati wakampima: malaria.

Kosa langu lilikuwa kudhani mbu wa malaria ni wa aina moja. Yupo anayependa vidimbwi vya juani, hata maji ya kwenye kwato za ng'ombe. Huyo huja na mvua, na vidimbwi vikikauka hupungua. Ila yupo mwingine, wataalamu humwita Anopheles funestus, anayetaka maji ya kudumu yenye majani: kingo za mito, madimbwi yanayobaki mabondeni. Sisi tukianika mpunga, yeye ndiyo kwanza anashamiri. Shuka bonde la Lukuledi mwezi huo, chota maji kwenye matete kwa bakuli jeupe, utulie kidogo. Kiluwiluwi anayelala sambamba na uso wa maji ndiye wa malaria. Wa mbu wengine huning'inia kichwa chini.

Mbu wa vyooni na mitaroni, anayeeneza matende na mabusha, hasubiri mvua kabisa. Na wa mapipa, anayeuma mchana, kiangazi hakimsumbui ukimwekea maji ndani. Wenzetu wa uwanda wa Makonde wanalijua hilo tangu 1952, homa ya chikungunya ilipozuka huko. Maji yalikuwa mbali, kila nyumba ikayahifadhi. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu. Kwa hiyo pipa usilimwage tu, lisugue kuta, maana mayai yamegandia pale na hukaa makavu miezi mingi yakingoja maji.

Kwangu sasa, siku ya kufua, chandarua kinafuliwa asubuhi, kinaanikwa kivulini jua lisiue dawa, jioni kiko kitandani, Juni kama Februari. Na msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, tunapolala shambani, ndicho ninachofunga kwanza kwenye baiskeli, kabla ya sufuria.