Nilipata Kura Nne: Kwa Wewe Unayeutaka Ubunge wa Kijijini

Juzi usiku kijana mmoja wa Nkasi kaniandikia: "Kaka, nimeamua. 2030 naingia jimboni. Nianzie wapi?" Nikamjibu: anza na misiba. Akarudisha kiulizo kimoja tu. Haya dogo, jibu lenyewe hili hapa, na wenzako mnaojipanga kimyakimya (najua mpo) msome pia.

Mimi nilitia nia Julai 2020, katika jimbo mojawapo la mkoa wetu wa Rukwa. Fomu ilikuwa shilingi 100,000, na mwaka ule kila mwenye suti alichukua. Yangu ilikuwa ya bluu.

Sikuwa mtu wa kubahatisha. Katika kata yetu mimi ndiye wa kwanza kupata shahada ya pili, na hilo sijawahi kulificha. Nikafungua Katiba, ibara ya 67: raia, miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Nikacheka peke yangu, mbona nimezidi! Sikuona kwamba hiyo sifa ya mwisho ndiyo yenye meno. Mgombea binafsi kwetu hayupo. Kabla mwananchi hajaiona picha yako kwenye karatasi ya kura, wajumbe wa chama wameshamalizana na wewe kwenye kura za maoni.

Wiki za kuzunguka kata kwa kata siwachoshi nazo. Vumbi, chai ya rangi, ahadi. Twende ukumbini.

Nilipewa dakika chache za kujieleza. Sasa, Rukwa na Katavi kuna jina linalofungua milango: mtoto wa mkulima. Ni la Mzee Mizengo Pinda, aliyeingia bungeni mwaka 2000 baada ya miaka mingi ya kazi Ikulu, akawa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, na jina hilo halikumtoka. Nikaona na mimi nilivae. "Ndugu wajumbe, mimi ni mtoto wa mkulima kama ninyi!" Makofi. Nikapandwa na mori, nikaahidi barabara ya kushuka bondeni itapitika masika na kiangazi, ndani ya siku mia.

Mzee mmoja akasimama. "TARURA wamekuajiri lini?" Yaani wale wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani yameisha.

Kisha akanyanyuka mama mmoja wa kijijini kwetu, taratibu, kitenge mabegani. "Mwanangu, shamba la huyo mkulima liko wapi?"

Ukumbi ukatulia. Walioketi mbele wote walijua. Baba alipofariki, hata mwaka haujaisha, niliuza ekari zake nane nikanunua kiwanja Kigamboni. Yule mama alikuwa jirani wa mpakani. Alimpikia baba uji alipougua, wakati mimi natuma hela kwa simu. Nilijibu kitu kuhusu maendeleo. Nashukuru hakuna aliyerekodi.

Kura zikahesabiwa mbele yetu. Zangu nne. Wajumbe wenye damu yangu mle ndani walikuwa sita. Hesabu hiyo hadi leo huwa naifanya usiku, na kila harusi ya ukoo naangalia nyuso.

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa ikisema wajumbe si watu. Na mimi nililisema sana, hata mbele ya watoto. Sasa hivi nasema ni watu, na wanakumbuka mambo kuliko ninavyopenda.

Mtaniuliza kuhusu hela. Takrima, yaani ule "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, iliwahi kuwa halali hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, lakini ile hela ya wajumbe inayoitwa "nauli" haijui habari za mahakama. Mimi sikugawa. Ningependa kuwaambia ni uadilifu, ila ukweli ni kwamba zangu ziliishia kwenye mafuta na gari la kukodi.

Kwa hiyo, dogo: nenda msibani. Usitume rambirambi kwa simu, nenda ukalale matanga. Beba maji, chimba kaburi, kaa na wazee mpaka wasahau kwamba umetoka Dar. Anza leo, maana mwaka wa uchaguzi kila anayelia anaonekana anaomba kura.

La pili, ijue kazi yenyewe. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuishia mwisho wa Juni. Ni wakati uleule mahindi yetu yanavunwa na mkulima anahangaika na bei. Wewe uko Dodoma, kiyoyozi kinapuliza, yeye anapiga simu haipokelewi. Utaingia pia baraza la madiwani la halmashauri, na huko ndiko zahanati na madarasa yanakopangwa, si kwenye zile hotuba tunazorushiana. Mfuko wa jimbo nao una sheria yake tangu 2009: wewe ni mwenyekiti wa kamati tu, hela haipiti mkononi mwako, na hakuna mpiga kura hata mmoja atakayekuamini ukimweleza hivyo.

La tatu ni misiba. Nimeshasema, narudia, kwa sababu vijana wa siku hizi mnapenda mabango kuliko watu. Mnataka kuheshimiwa na vijiji ambavyo hata njia zake mnaulizia! Nyie mnadhani utumishi ni picha ya wasifu?

Mwaka jana nilishuka kijijini nikamuulizia mwenye lile shamba kama analiuza. Akalitazama gari langu, akanitajia bei mara nne ya ile niliyomuuzia. Nikamwambia nitarudi. Kwa hiyo dogo, ukipita huko kwenye misiba yako, tafadhali usimwambie mtu kwamba na mimi naifikiria 2030. Bei itapanda tena.