Jibu: p ya 0.04 haisemi hivyo

Ndugu, umeuliza kama p ya 0.04 maana yake nadharia tete sifuri (dhana ya kuanzia, kwamba hakuna tofauti wala upendeleo) ina uwezekano wa asilimia 4 wa kuwa kweli. Hapana. P ni uwezekano wa kupata matokeo kama uliyoyaona au ya kupindukia zaidi, nayo hukokotolewa kwa kuchukulia kwanza kwamba nadharia hiyo ni kweli, kwa hiyo haiwezi kukupa uwezekano wa ukweli wake.

Rusha sarafu mara 20, kichwa kitokee mara 15. Nadharia tete sifuri: sarafu haipendelei upande. Ikiwa ndivyo, uwezekano wa kupata vichwa 15 au zaidi ni 0.0207. Hapa hatukutaja sarafu inapendelea upande gani, basi jumlisha na mkia wa pili, yaani matokeo ya kupindukia ya upande mwingine, vichwa 5 au pungufu: p ni 0.041. Kwa kiwango (mpaka ambao p ikiwa chini yake unaikataa nadharia tete sifuri) cha 0.05 unaikataa, kwa 0.01 huikatai. Ndiyo maana kiwango, pamoja na idadi ya mikia, huchaguliwa kabla ya kurusha. Tafadhali hili usilipuuze.

P ikizidi 0.05 usiandike "sarafu ni sawa". Andika "ushahidi hautoshi kuikataa". Kwa mirusho 20 tu, sarafu inayotoa kichwa kwa asilimia 60 itakuponyoka, yaani hutagundua upendeleo wake kwa kiwango cha 0.05, takriban mara 87 katika majaribio 100.